Jamaa wa Mwenye Nyumba

Jumamosi mwenye nyumba wetu hapa mtaa wa Fedha alitukusanya wapangaji wote, akaegemea gari lake kubwa.

"Watu wa ushuru wakikuja, semeni nyinyi ni jamaa zangu, mnakaa bure. Sisi matajiri tunafinywa sana."

Mama mboga wa getini, mpangaji mwenzetu ambaye hulipia kibanda chake ushuru kila asubuhi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante, mjomba! Basi mwezi huu silipi nyumba."

Jamaa yetu akauchomoa mkono. "Wacha mchezo, mama! Nyumba utalipa tarehe tano kama kawaida."

Magazetini watu wanabishana kama tajiri alipe ushuru kutuzidi. Huku kwetu tungeshukuru akimfikia mama mboga tu kwa kulipa.