Juzuu ya Kumi na Mbili Ndani ya Kisomeo

Nilipoacha vitabu vya karatasi, sababu niliyowapa watu ilikuwa uzito. Watu wengi huja Kindu, mji wetu kando ya mto Lualaba, kwa ndege, na katika zile ndege ndogo mzigo hupimwa mbele ya macho yako. Mwaka nilioanza tasnifu yangu ya uzamili, vitabu vyangu tisa viliteremshwa kwenye mizani, vikarudishwa mikononi mwa rafiki aliyenisindikiza. Safari iliyofuata nilibeba kisomeo: kibao cheusi, chembamba kuliko daftari, chenye kioo kisichoumiza macho, na ndani yake maandiko mia mbili na kumi na manne. Nilihesabu. Mimi ni mtu wa kuhesabu.

Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa yote. Tangu utotoni sikuwahi kushika kitabu cha hadithi bila kukumbuka kitabu kingine, na nilidhani kwamba kitu kisicho na kurasa kitaniondolea kumbukumbu hiyo. Nilikosea. Kisomeo hupanga maandiko kwa kufuata kile kilichofunguliwa karibuni. Asubuhi moja, nikiwa nyumbani kwa Bibi katika mtaa wa Kasuku, nilikiwasha nikakuta vitabu viwili vimepangwa, kimoja juu ya kingine: juzuu ya kumi na mbili, na chini yake riwaya niliyokuwa nikiisoma kabla ya kulala. Nilikaa na kile kibao mapajani kwa muda mrefu, mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Inanilazimu kueleza kuhusu sanduku. Bibi, mama yake mama yangu, ndiye aliyekuwa mtunza sanduku la khitima kwa wanawake wa mtaa wetu. Ndani ya sanduku hilo la bati mlikuwa na juzuu thelathini za Kurani, kila moja kijitabu chake chenye jalada la kitambaa cha kijani. Mtu akifa, wafiwa walikuja kumwomba sanduku. Wasomaji walikaa mkekani, kila mmoja akachukua juzuu moja, na kisomo kizima kikamalizika kwa kikao kimoja. Bibi alihesabu juzuu zikitoka na akazihesabu zikirudi. Hakuandika popote. Alizigusa tu migongo kwa kidole, midomo ikicheza, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka afike thelathini.

Vita vilipoingia mjini nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tulitoka nyumbani mchana, kwa haraka. Sanduku lilikuwa zito na bati lake lilionekana kwa mbali, kwa hiyo Bibi alizitoa juzuu, akazipanga ndani ya kitenge, na mama mdogo, binti yake wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, akalifunga furushi. Juzuu ya kumi na mbili ilikaa juu ya zote kwa sababu ndiyo Bibi aliyokuwa akiisoma milio ilipoanza. Mama mdogo alifunga mafundo mawili, moja juu ya jingine, akayakaza kwa meno, kisha akanitwika. Alisema mimi ndiye ninayepaswa kulibeba, kwa kuwa mtoto hapekuliwi sana.

Mimi nami nilikuwa na changu. Kiunoni, ndani ya kitenge nilichojifunga, nilikuwa nimeficha kitabu cha hadithi nilichoazimwa shuleni, na nilikuwa nimebakiza kurasa zisizozidi ishirini.

Tulivuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, ng'ambo ya pili. Juu ya gati palikuwa na kizuizi, kamba iliyofungwa baina ya miti miwili. Watu wazima walipelekwa upande mmoja kuulizwa maswali, nami nikabaki nyuma na furushi. Mpiganaji mmoja, kijana mwenye macho mekundu, alikuwa na tumbaku kiganjani, hana cha kuisokotea. Aliniambia nimpe karatasi. Hakunipiga, hata sauti hakuipandisha. Alisubiri tu, akitazama furushi langu.

Hapa ndipo ninapopatafakari kila siku, na usahihi wote niliofunzwa chuo kikuu haujanisaidia. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Kitabu cha hadithi kilikuwa kinanichoma mbavuni. Ningeweza kukitoa. Badala yake nililishusha furushi, nikayafungua mafundo yote mawili kwa kucha, nikapenyeza mkono, nikachomoa juzuu iliyokuwa juu na kumpa. Nilichuma madhambi hayo nikijua ni kitu gani nilichoshika, kwa maana nilikuwa nimeshahitimu nusu ya chuo cha Kurani na niliweza kusoma jalada lake. Yeye hakujua. Alichana ukurasa wa kwanza bila kuutazama, akaondoka na kurasa zilizobaki. Kisha nililifunga furushi upya, fundo moja tu.

Jioni, katika nyumba ya watu waliotupokea, Bibi alilishika fundo likamfungukia mkononi. Alihesabu ishirini na tisa. Alihesabu tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alifunga?"

"Ni miye, mama," akasema mama mdogo.

Bibi hakumkaripia. Alisema tu kwamba mtu asiyejua kufunga hawezi kutunza. Mama mdogo alitazama lile fundo legevu kana kwamba analitazama jambo alilolitenda usingizini, akasema alidhani alikaza. Nami nilikuwa nimekaa umbali wa hatua mbili, kitabu cha hadithi kiunoni, nimenyamaza.

Vita viliisha, juzuu zikarudi sandukuni. Mgeni kutoka Kasongo alijitolea kuleta juzuu nyingine ya kujazia pengo; Bibi alikataa. Alisema pengo hilo atalijaza kwa kichwa chake, na kwa miaka yote iliyofuata, kila khitima, wengine walipochukua vijitabu yeye alifumba macho akaisoma ya kumi na mbili kwa moyo. Watu walimsifu sana kwa jambo hilo.

Mama mdogo naye walimtania. Mbuzi akikata kamba, watu waliulizana, "Nani alifunga?" na wote wakamgeukia. Kilemba kikimfungukia bibi harusi, ni yeye. Mwenyewe alicheka pamoja nao. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Lakini sanduku, ambalo kwa desturi yetu lingemfikia yeye kama binti aliyebaki mjini, halikumfikia. Hakuwahi tena kukaa mkekani na wasomaji. Kila khitima alikuwa uani, kwenye masufuria, anageuza wali na kuonja chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na akisikia dua ya mwisho ndani anaitikia amina akiwa ameshika mwiko.

Alifariki mwaka huu, kwa homa ya siku nne. Nilifika baada ya mazishi. Nilibaki hadi arobaini yake, na siku arobaini ni muda mrefu kwa mtu anayetafuta jinsi ya kusema sentensi moja. Nilipima kila upande. Kusema kungemvunja Bibi, ambaye umri wake sasa hatuuhesabu tena. Kusema baada ya mwenyewe kuondoka kungekuwa kujitua mzigo mimi na kumtwika mwingine. Kutosema kungekuwa kusoma khitima juu ya uongo. Hoja ya tatu ilikuwa na nguvu kuliko mbili za kwanza, nami nilijua, na bado niliendelea kupima.

Nilikuwa nimeiingiza ya kumi na mbili ndani ya kisomeo kwa hofu moja ya wazi: Bibi alikuwa ameanza kusahau. Katika khitima ya jirani alirudia ukurasa uleule mara tatu. Nilitaka siku ya arobaini, ikishindikana kichwani, iwepo mahali.

Siku yenyewe wanawake walijaa chumba. Bibi aligawa juzuu ishirini na tisa kwa mkono wake, akafumba macho, akaanza. Alikwenda vizuri kwa kurasa chache. Kisha akafika mahali akaruka, akarudi, akaruka tena palepale. Sauti za wengine zilipungua moja baada ya nyingine. Bibi alifungua macho, akatazama mikono yake mitupu, na nilimwona akiogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, hata kwenye kile kizuizi.

Nilisogea mkekani nikamwonyesha kisomeo. Nilizikuza herufi mpaka mistari minne tu ikajaza kioo.

Jirani mmoja anayeuza samaki kutoka Lokandu, rika la marehemu na mtani wake, aliinama akatazama. Aliuliza kama nina udhu. Nikasema ninao. Akauliza tena:

"Na mu ile kitu iko nini ingine?"

Ningeweza kunyamaza, lakini nilijibu kwa ukamilifu, kama kawaida yangu: kuna kamusi, kuna kazi yangu ya masomo, kuna hadithi.

"Hadithi za watu kupendana?"

"Na hizo pia, mama."

Chumba kilicheka kidogo, cheko la watu waliokuwa wakihitaji kupumua. Jirani akagonga ukingo wa kibao kwa ukucha.

"Miye ninaikubali. Iko muzuri, haina fundo. Hata marehemu angeibeba hii, ingefika."

Hapo wakacheka kweli. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ndivyo mtani anavyomlilia mtani. Bibi naye alitabasamu akisema kweli, hii ingefika. Na tabasamu hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Hoja zangu zote za siku arobaini ziliondoka, ikabaki sentensi yenyewe.

"Bibi, ile fundo ilikuwa yangu."

Hakunielewa. Nikamweleza kwa mpangilio, kama ninayetetea tasnifu: gati, kamba, tumbaku, mafundo mawili yaliyokazwa kwa meno, mkono wangu, juzuu iliyokuwa juu, fundo moja nililorudishia. Nilisema pia kuhusu kitabu kiunoni. Hilo ndilo lililonichukua muda kulitoa, maana bila hilo ningekuwa mtoto aliyeogopa bunduki tu, na watu wangenihurumia.

Bibi aliniangalia.

"Ilikuwa hadithi ya nini?" akauliza.

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikumbuka jalada lililopasuka pembeni, nilikumbuka idadi ya kurasa nilizobakiza. Hadithi yenyewe sikuikumbuka, hata mtu mmoja aliyekuwamo.

"Sikumbuki, Bibi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Aligeuza uso kuelekea mlango wa uani, ambako moshi wa kuni ulikuwa ukiingia.

"Hawa wa ndani wamesikia," alisema. "Wale wa inje hawajasikia. Mutoto wangu alikaa na wale. Enda uwaambie wao kwanza, mbele ya kusoma."

Nikainuka na kisomeo mkononi, kisha nikakiweka juu ya mto karibu naye, kwa kuwa sikutaka kuwa nimeshika kitu. Uani palikuwa na wanawake saba kwenye masufuria matatu. Wao ndio waliokula naye ukoko wa wali kwa miaka yote ile, wakimtania kuliko mtu yeyote. Nilisimama mbele yao nikasema yote upya. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nilishajua yanavyosikika. Mmoja aliacha kukoroga. Mwingine alikaa chini juu ya gogo, akajifunika mdomo kwa upindo wa kitenge.

Aliyekuwa na mwiko, mkubwa wao, alingoja nimalize.

"Mwenyewe alijua?"

"Hapana."

"Hata siku moja hukumwambia?"

"Hata siku moja. Alikufa akiamini ni yeye."

Mwenye mwiko alitazama lile sufuria kubwa, ambalo siku zote lilikuwa la mama mdogo, akalifunika vizuri, akasukuma kuni ndani. Sauti ya Bibi ilisikika kutoka chumbani ikiniita.

"Ingia usome," yule mwanamke akasema, bila kuniangalia. "Usome yote, usiruke kitu. Sisi tunasikiliza huku."