Darasa la Foleni ya Maji

Mwaka ule wa kiangazi kirefu nilitumwa Kitui, mimi mwalimu mwenye cheti, nikajifunze kwa akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba. Wao waliona kwamba watoto wasiofika shuleni walikuwa kwenye mto uliokauka, wamepiga foleni na madebe kando ya kisima kilichochimbwa mchangani. Basi mama mmoja aliyesoma kidogo akaanza kuwafundisha papo hapo, wakiandika mchangani kwa kidole huku wakingoja zamu.

Kadiri kisima kilivyokauka, ndivyo foleni ilivyokawia, na ndivyo watoto walivyozidi kusoma. Kuna msichana mmoja alifika mahali pa kusoma Biblia ya mamake bila kukwama, midomo yake imepasuka kwa kiu.

"Mwalimu, tuombee mvua," akina mama wakaniambia.

Niombe nini, jamani? Ikinyesha, foleni inaisha na darasa linaisha. Isiponyesha, hawa watoto watakufa. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo. Nilifumba macho nikaomba mvua.

Ikaja. Mto ukafurika, ukabeba mchanga na herufi zake zote. Maji yakapatikana kila mahali, na kila mtoto akapewa jembe. Niliketi ukingoni asubuhi baada ya asubuhi, hakuna aliyetokea. Mwishowe nilimwona yule msichana katikati ya shamba, ameinama akipanda mbaazi. Akainuka, akanipungia mkono kwa furaha.

"Mwalimu!" akaita. "Mungu alikusikia!"