Kimya cha Nyumbani kwa Ghati

Kama kuna mtu Lanham nzima, huku Marekani, aliyekuwa na haki ya kumkasirikia Queen, ni Ghati. Wengine walinung'unika kwa mazoea tu. Queen ndiye kiongozi wa sala wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, mama wa Moshi mwenye moyo mweupe na mdomo usio na mlango. Ukimnong'oneza jambo lako katikati ya wiki, ujue Jumapili limeshafika altareni. Na wala hakusengenyi, anakuombea. Hapo ndipo ubaya ulipo, maana msengenyaji unaweza kumfokea ukatua moyo, lakini mtu anayekuombea utamwambia nini?

Ghati kwa upande wake alikuwa mtu wa kufunga mambo yake kifuani. Mkurya wa Kehancha, mabega mapana, maneno machache. Usiku alihudumia wazee katika makao fulani kule Wheaton, akiwageuza, akiwabadilisha, akiwatuliza wale wanaoamka na kudai wanachelewa kazini, kazi zenyewe walishastaafu zamani. Mchana alisomea unesi. Masomo aliyamaliza vizuri tu. Kilichomkalia kooni ni ule mtihani wa bodi wa kupata leseni, unaofanywa mbele ya kompyuta isiyojua pole wala samahani, inayojizima yenyewe ikishakuchoka. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili akaanguka tena. Siku alipopata matokeo hayo ya pili alikuwa ndani ya gari lake, nje ya duka la vyakula, na Queen akampigia simu kuuliza habari za maua ya kanisani. Machozi yalikuwa karibu, ulimi ukateleza, akamweleza yote. Akamsihi yabaki baina yao wawili, na Queen akaapa kwa jina la marehemu mama yake.

Basi ikafika Misa ya Kiswahili, ile ya mara moja kwa mwezi, kanisa limejaa Wakenya, Watanzania na Wakongo mpaka kule nyuma wanakosimama wachelewaji. Queen akapanda kusoma maombi ya waamini. Akamwombea Baba Mtakatifu, akaombea amani duniani. Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi, akavuta pumzi, akamwomba Bwana amwinue dada yetu Ghati aliyeanguka mtihani kwa mara ya pili, asikate tamaa. Kanisa zima likajibu, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Na walijibu kwa nguvu kuliko walivyomjibia Baba Mtakatifu.

Kule kwenye maegesho ya magari walimshika mkono kwa mikono miwili kana kwamba amefiwa. Mama mmoja wa Lubumbashi alimwahidi novena, sala ya siku tisa. Ndugu Kito, Mmarekani mweusi wa kule Shaw aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na anayekisema kwa usafi unaotuaibisha sisi tuliozaliwa nacho, alimfariji kwa habari za binamu yake aliyeanguka mtihani wa uwakili mara sita, na ambaye hivi sasa ana furaha tele katika biashara ya mazulia. Ghati aliwashukuru wote. Alipoingia garini alipandisha vioo, akalia kwa hasira hadi maegesho yakabaki matupu.

Hapo ndipo alipokata shauri. Tarehe ya mtihani wa tatu alikuwa ameshapewa, Alhamisi moja ya mwezi wa nane. Angeifuta. Angebaki na wazee wake wa Wheaton, kazi ni kazi. Na jumuiya pia angeiacha, aende zake Misa ya Kiingereza ya asubuhi, ambako mtu anaingia, anasali, anatoka, na hakuna anayejua hata jina lake. Tatizo lilikuwa moja: zamu yake ya kupokea jumuiya nyumbani ilikuwa imeshatangazwa, Jumamosi iliyotangulia Alhamisi hiyo. Mtu wa kwao hafukuzi wageni. Akasema sawa, atawapokea, atawalisha, na wakishafunga mlango nyuma yao, atafuta mtihani na jumuiya kwa mkupuo mmoja.

Sasa, ili uelewe kilichotokea Jumamosi ile, lazima uijue sheria ya kimya. Jumuiya ikikutana husoma neno la Jumapili inayokuja, kisha watu hunyamaza kidogo ili kila mmoja asikilize ameguswa na nini. Ni desturi nzuri, ila kwa Queen ilikuwa adhabu. Zamani alikuwa akianzisha wimbo kabla watu hawajamaliza kufumba macho. Mwenyekiti, Mzee Njuguna, mtu wa taratibu ambaye hata mkewe akitaka kusema nyumbani sharti anyooshe mkono, akaitisha kikao kizima juu ya jambo hilo. Ikapitishwa kwamba kimya kitafungwa na mwenye nyumba peke yake, kwa kuanzisha wimbo. Mwingine yeyote, marufuku. Queen alipiga kura ya ndiyo huku amenuna.

Ghati alirudi kutoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi na hakuusogelea mlango wa chumba cha kulala, alijua akiuona mto kesi imeisha. Akasukuma chapati, akainjika maharagwe ya nazi, akafagia. Wageni walipopanda hadi ghorofani kwake mchana, kitambulisho cha kazi kilikuwa bado kinaning'inia shingoni na hajui. Watoto wakajazana chumbani na simu zao. Wakubwa wakabanana kwenye makochi, na Ghati akapata kona ya kochi karibu na dirisha, upande uliokuwa mbali kabisa na Queen.

Somo lilikuwa la nabii Eliya. Mzee Njuguna alitangulia kueleza kwamba nabii alikuwa anamkimbia malkia aliyemtishia maisha, na Ghati akawaza kwamba Eliya angalau alipata jangwa la kukimbilia, wa kwake huyu amekuja hadi sebuleni na kibakuli cha kachumbari. Kito akasoma. Eliya kaketi chini ya kichaka, kamwambia Mungu imetosha, niondoe tu, mimi si bora kuliko waliopita. Kisha akalala. Ghati alikuwa amejiandaa kusikia Eliya akikemewa. Lakini hapana, akaja malaika, na malaika hakumhubiria hata neno moja. Alimgusa akamwambia aamke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate na mtungi wa maji. Akala, akanywa, halafu, tazama mtu huyu, akalala tena. Na malaika akamrudia mara ya pili na chakula kile kile, akamwambia ale maana safari bado ni ndefu.

Ghati alishikwa na jambo hilo. Hakuna aliyemwambia Eliya ajikaze. Hakuna aliyemtangaza. Mzee Njuguna akaagiza kimya kianze, na Ghati akafumba macho akiwa bado anaufikiria mkate ule, ulikuwa wa moto au wa jana. Hakulifikisha wazo hilo mwisho. Usingizi ulimzoa pale pale.

Kimya kikaenda. Kikapita pale kinapoishia siku zote. Mzee Njuguna akafungua jicho moja, akamtazama mwenye nyumba, akalifunga kwa heshima. Kito, aliyewahi kusoma habari za watakatifu wanaozama katika sala wasisikie hata wakiguswa, aliinamisha kichwa na kuona fahari kuwemo katika nyumba kama hiyo. Kisha Ghati akakoroma. Mkoromo wenyewe ulikuwa mzito, wa kutoka tumboni, na hata Kito akaona kwamba watakatifu hawakufika huko.

Queen akafungua kinywa. Mzee Njuguna akainua kidole. Queen akakifunga kinywa. Sheria ilikuwa sheria, na ilitungwa kwa ajili yake. Wa kuanzisha wimbo ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye huyo anayekoroma, kwa hiyo jumuiya nzima ilikuwa imefungiwa ndani ya kimya na ufunguo anao mtu aliyelala. Binti wa Mzee Njuguna akachungulia kutoka chumbani, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa. Akaonyeshwa kidole kile kile. Akarudi kuwaambia wenzake kwamba ndiyo, na huko nako pakawa kimya.

Queen hakuwa amewahi kukaa kimya kiasi hicho tangu azaliwe, na alipokosa la kufanya na mdomo ilibidi afanye kitu na macho. Akamtazama Ghati. Akaona kitambulisho cha kazi kimemlalia kifuani. Akaona soksi, moja nyeupe moja ya kijivu, na vifundo vya miguu vilivyovimba mpaka viatu vimeacha alama. Akaona jinsi alivyolala, kichwa kimepinda, mkono umeshika ukingo wa kochi kama mtu anayeogopa kuitwa. Ndipo ilipomjia wazi kabisa kwamba huyu ndiye mtu ambaye yeye alimsimamisha mbele ya kanisa zima. Alikuwa amemwombea kwa maneno mengi na hakuwahi kumtazama. Aibu ikampanda Queen hadi masikioni, na hakuwa na ruhusa ya kuisema.

Kutoka jikoni ikaja harufu ya maharagwe yanayoshika chini. Queen akanyanyuka kwa ncha za vidole, akazima jiko, akayahamisha yale ya juu kwenye sufuria nyingine. Kisha akavua khanga yake ya mabegani, akamfunika Ghati. Akaweka chapati kwenye sahani na maji kwenye glasi, akaviweka juu ya kistuli, karibu na kichwa chake, maana meza ilikuwa imejaa Biblia. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe hadi leo, kwamba alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka.

Baadaye kidogo Ghati akafumbua macho nusu. Akaona chapati. Akaona maji. Akiwa bado huko huko usingizini akaumega mkate, akala, akanywa, akaivuta khanga hadi kidevuni, akalala tena.

Hapo hakuna aliyefumba macho. Walitazamana wote. Kito alitoa leso akapenga taratibu. Mzee Njuguna, ambaye saa ile ile alitakiwa awe kwenye mkutano mwingine anaouongoza yeye, alivua koti lake la suti, akalikunja, akaliingiza chini ya kile kichwa kilichopinda. Akarudi kuketi. Na jumuiya ikakaa. Jua likahama dirishani, matumbo yakaanza kusemezana, na hakuna aliyeondoka.

Ghati alipoguswa begani aliamka kweli. Queen alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi na sahani nyingine mkononi.

"Amka ule, dada," akasema. "Safari bado ni ndefu."

Ghati akatazama dirishani, akaona mchana umekwisha. Akawatazama watu, koti la mwenyekiti, khanga. Alielewa kila kitu kwa mara moja na akatamani sakafu impokee. Aliuliza kwa nini hawakumwamsha. Mzee Njuguna akajibu kwa utulivu kwamba kimya kilikuwa hakijafungwa.

"Nilikusema mbele za watu," Queen akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, hakuna aliyewahi kuisikia hivyo. "Nilidhani nakusaidia. Nisamehe."

Ghati aliitafuta hasira mahali alipoiacha na hakuikuta yote. Kilichokuwepo ni njaa. Akajua pia, kwa namna mtu anavyojua mambo akiwa amelala vya kutosha, kwamba simu ya kufuta mtihani hatapiga. Akakohoa, akaanzisha wimbo, tena kwa ufunguo wa juu mno, na jumuiya ikaudaka kwa shangwe ya wafungwa waliofunguliwa. Watoto wakatoka mbio kuangalia maiti.

Walipofika kwenye kutaja nia za maombi, kila mtu alisema ya kwake. Zamu ya Queen ilipofika, aliombea mvua. Mvua ya wapi hakusema, midomo ameibana. Kisha Ghati akasimama, akatangaza yeye mwenyewe kwamba Alhamisi anafanya mtihani kwa mara ya tatu, na kwamba anaogopa sana. Mzee Njuguna akauliza kama jumuiya inaruhusiwa kumwombea.

"Niombeeni," Ghati akasema. "Lakini kimoyomoyo."

Wakala maharagwe, yana harufu ya moshi, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi asubuhi Ghati aliegesha gari mbele ya jengo la mtihani na mikono yake ikakataa kuachia usukani. Alipoinua macho aliliona gari la Queen pembeni, na Queen ameketi ndani, amevaa nguo za kanisani. Ghati akashuka, akasogea. Kioo kikateremka. Queen hakusalimu. Alimpitishia chapati iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha, ikiwa bado ya moto, na chupa ya maji, kisha akajionyesha mdomo kwa kidole, kwamba umefungwa. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa juhudi ya kunyamaza.

Ghati alikula pale pale, amesimama katikati ya magari, akamaliza yote. Akanywa maji. Akajipangusa mikono, akaingia ndani.