Siku Mama Aliponimwagia Unga Kabla ya Matokeo

Najua wengine wenu mmekwisha kusikia kwamba nilimwagiwa unga mbele ya watu hamsini hapa Kolwezi, na ni kweli, sikatai, nywele zangu zilichukua siku tatu kusafika. Lakini hamkuambiwa kwamba kosa lilikuwa langu, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe kabla shangazi zangu hawajatia chumvi zaidi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na nne tangu nimalize chuo kikuu, na diploma yangu ya kemia ilikuwa imelala ndani ya bahasha (niliifungua kila Jumapili kuhakikisha jina langu bado limeandikwa sawasawa), ndipo kampuni moja ya mgodi ikatangaza nafasi za mafunzo katika maabara yake. Sharti lilikuwa mtihani wa Kiingereza, kwa sababu wakubwa wa maabara wanatoka Zambia na Kifaransa chetu hakiwafikii. Maswali arobaini, kila moja lina nafasi tupu katikati ya sentensi, na wewe unachagua kitenzi kiwe katika wakati gani, au kiunganishi gani kinafaa. Ukipata ishirini na tano unapita.

Mama anauza unga wa mahindi na wa muhogo kwenye soko la Manika. Siku mbili kabla ya mtihani alianza kufunga kwa ajili yangu, pamoja na wamama watatu wa kikundi chake cha sala, akasema hatakula mpaka asikie nimefaulu. Mama ana ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu. Nilimsihi anywe hata chai kidogo, akaniambia nikasome vitenzi vyangu.

Basi siku ikafika, nikaketi. Swali la tisa lilimhusu dereva ambaye hakuvaa kofia ya usalama, nafasi tupu, msimamizi akamrudisha nyumbani. Mtu mwenye akili timamu anaweka "kwa hiyo" na kuendelea na maisha yake. Mimi nikaanza kujiuliza: na kama katika mgodi ule hakuna anayevaa kofia, si itakuwa ajabu kumrudisha huyu mmoja, na hapo si "lakini" ndiyo inayofaa? Nikaandika "lakini", nikafuta, nikaandika "kwa hiyo", nikamhurumia dereva, nikafuta tena. Katika swali la kumi na saba king'ora kililia, na mimi nichague kama wafanyakazi walikula, walikuwa wanakula, au walikuwa wamekwisha kula, na kwa kweli nilitaka kwanza kujua kililia saa ngapi. Nilipotoa karatasi yangu ilikuwa na mikwaruzo kama ukuta wa darasa la kwanza.

Tukaambiwa tungoje uani, matokeo yatabandikwa saa tisa. Nilikuwa na hakika nimeanguka. Saa sita Mama akapiga simu, nikamwambia bado. Saa sita na nusu akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa nyembamba, akasema kichwa kinazunguka kidogo lakini si kitu, ni jua tu. Nikaogopa. Nikawaza: akila sasa, jioni nitamwambia ukweli taratibu, tumbo likiwa limejaa. Huo ndio uamuzi wangu mdogo.

"Mama, nimefaulu," nikasema. "Sasa kula."

Akacheka, simu ikakatika. Nikajisikia mtoto mwema kabisa.

Kitu nilichosahau (mimi ninayefikiria kila kitu) ni kwamba kwetu mtu akifaulu mtihani humwambii hongera ukaishia hapo. Unammwagia poda, kichwani na mabegani, ili hata asiyemjua ajue njiani. Na Mama, ambaye alinimwagia poda nilipopata diploma ya sekondari na akalalamika mwaka mzima kwamba ilikuwa kidogo, hakuwa na poda sokoni. Alikuwa na unga.

Haikupita nusu saa nikasikia filimbi. Pikipiki tatu zikaingia uani, wamama wanne wamepakiwa, wote wamevaa kitenge cha kanisa cha aina moja, wanaimba jina langu, Mama mbele na mfuko wa kilo tano. Nilitaka kukimbia lakini mlango wa uani ulikuwa mmoja nao ndio walioingilia. Wa kwanza akanimwagia, wa pili akanipaka mashavuni, na Mama akaumimina uliobaki wote kichwani polepole, machozi yanamtoka, akiniita kwa jina la bibi yake. Jasho langu na unga vikaanza kukandana. Koti nililoazima kwa binamu yangu likawa jeupe.

Nikatazama wale watahiniwa wengine. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mwenye tai nyekundu, aliyekuwa ameketi mbele yangu kwenye mtihani, akasimama na kusema bila kupaza sauti, "Kumbe banashagawa kazi, zimekwisha. Sisi tuko tunangoja nini hapa?"

Hapo uani pakachafuka. Mmoja akauliza baba yangu ni nani, mwingine akasema wote waandike barua ya malalamiko, na mlinzi akaenda kumwita msimamizi wa mtihani, mzee wa Kizambia mwenye miwani na Kiswahili cha kubahatisha. Akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu, akauliza ni nani aliyenipa matokeo, akasema kama kuna mtu aliyeyatoa basi mtihani wote unafutwa na sisi sote tunarudi nyumbani.

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu hamsini wangepoteza nafasi kwa sababu yangu, basi nikasema hakuna aliyenipa, nimemdanganya mama yangu. Nikasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mzee, haraka haraka, bila kuchagua kitenzi chochote.

Wamama wakaacha kuimba. Mama akaukunja ule mfuko mtupu mara nne.

"Ulinidanganya, Ngalula?"

"Ni juu nilitaka ukule, Mama."

"Na sikukula hata. Nilitafuta kwanza pikipiki."

Mzee akaingia ndani, akatoka na bahasha ya karatasi zetu, bado imefungwa kwa gundi, akaizungusha mbele ya kila mtu. Wengine wakaridhika. Yule wa tai hakuridhika, akataka karatasi yangu isahihishwe palepale, na mzee akakubali, akamweka yeye mwenyewe asome kwa sauti.

Ndugu zangu, unga si kitu. Aibu ni kusikia mtu anasoma: "Swali la tisa. Lakini, amefuta. Kwa hiyo, amefuta. Lakini, amefuta. Kwa hiyo." Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kuhesabu pamoja naye, na kila mara mzee alipotikisa kichwa kukubali wamama walisema "eee" kwa pamoja ingawa hawakuelewa neno la Kiingereza. Katika swali la kumi na saba yule kijana aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa.

Nilipata ishirini na sita.

Hakuna aliyepiga filimbi. Mama hakunitazama mimi, wala hakumtazama mzee. Akamwendea yule wa tai, ambaye dakika ishirini zilizopita alitaka nifukuzwe, akamshika mkono.

"Weye, mutoto yangu, ni kweli amefaulu?"

"Ni kweli, Mama. Alama moja tu juu, lakini ni kweli."

Ndipo Mama akaketi kwenye jiwe kando ya ukuta, akaomba maji, na mmoja wa wamama akatoa andazi kwenye mkoba. Akalila lote mbele yangu, polepole, na nilisimama pale nikiwa mweupe kama ukuta wa hospitali mpaka alipomeza kipande cha mwisho.

Siku hizi nafanya kazi maabara, na wa tai nyekundu (naye alifaulu, kwa thelathini na nane) ananiita Mama Bunga, yaani Mama Unga, hata mbele ya wakubwa. Nimeapa: Mama akiniuliza habari yoyote ambayo bado haijabandikwa ukutani, nitamjibu bado. Na akikataa kula, nitampelekea sahani mwenyewe sokoni na kuketi naye mpaka aimalize.