Matundu Thelathini na Sita ya Sinia la Kanisa

Ubao ulikuwa mmoja tu, na dada yangu alikuwa ameulaza chini ya kitanda chake tangu shemeji afariki. Mkaratusi uliotoa ubao huo shemeji aliupanda mwenyewe kwenye shamba lao la Igowole, akaukata, akaupasua, na mbao zake zikaishia kwenye milango na madirisha ya nyumba yao ya Ipogolo. Huu mmoja ukabaki. Dada alikataa kuuza, akakataa kuufanya benchi. Halafu sinia la vikombe vya Meza ya Bwana la mtaa wao likaoza kona, na dada akasimama mbele ya wazee wa kanisa akasema ubao anao na fundi anaye.

Fundi mwenyewe nilikuwa mimi, na sikuwa nimeulizwa.

Nina miaka arobaini na tatu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mbeya kujifunza kushika randa, nikatoka huko nikaenda Madibira, nikatoka Madibira nikapanda Igowole kwenye mbao. Nikiwa Igowole kwenye ukungu, naota jua la Madibira na harufu ya mpunga uliovunwa. Nikirudi Madibira, nakumbuka ukungu. Ndivyo nilivyo, na kila nilipoondoka niliacha kazi ya mtu haijaisha. Dada analo kabati la vyombo nililomtengenezea, ambalo lilikaa miaka minne bila milango.

"Hili usilifanyie kama kabati," aliniambia nilipoufuata ule ubao. Aliufunga kwa kanga kuukuu kama anamfunga mtoto. "Ukiuharibu, mdogo wangu, sina mwingine. Na aliyeupanda hayupo."

Nikasema sawa dada, nikapanda nao basi hadi Igowole, kwa sababu vifaa vyangu vilikuwa huko. Pamoja na ubao alinipa kibilauri kimoja cha kanisa, kikombe kidogo cha kioo cha kunywea divai, kiwe kipimo.

Kutoboa tundu la mviringo nilifundishwa Madibira na mzee mmoja aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alikuwa anachonga nira. Wenzake wengi walitoboa nira kwa nondo iliyowekwa motoni mpaka ikawa nyekundu, moshi unawatoa machozi, na tundu linatoka limepinda, jeusi. Yeye alitumia keke, drili ya kuzungusha kwa mkono. Siku ya kwanza nilizungusha keke upande mmoja mpaka biti, chuma chake cha kutobolea, ikatokea upande wa pili, na ubao ukabanduka vipande mgongoni kama kigaga cha kidonda.

"Wewe unatoboa au unabomoa?" akaniuliza. Kisha akanionyesha. Biti ina ncha katikati. Unazungusha polepole, keke imesimama wima, mkono wa kushoto ukipapasa chini ya ubao. Ncha ikikuchoma kidole tu, simama. Geuza ubao, weka ncha kwenye kile kitobo kidogo, malizia kutoka upande huo. Tundu linatoka safi pande zote mbili.

Kwa hiyo nilijua kazi. Kilichonichelewesha ni uvivu wangu wa kawaida. Ubao ulikaa wiki tatu umeegemea ukuta wa karakana, mwezi wa sita, wakati Igowole hujui kama ni mvua au ni ukungu unaolowesha. Nilipoanza, nilifanya siku mbili bila kuinua kichwa. Mistari sita, matundu sita kila mstari. Kibilauri kiliingia kila tundu kimebana kidogo tu, bila kucheza, kikakaa juu ya ubao mwembamba nilioupigilia chini. Nilijisifu peke yangu. Nikapiga randa, nikapaka mafuta, nikashuka na sinia Ipogolo siku kumi kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimewahi. Dada akaliweka juu ya kabati jikoni, karibu na jiko, akawa anawaita majirani kuliona.

Jumamosi asubuhi alileta vibilauri vyote vya kanisa kuviosha na kuvipanga. Mimi nilikuwa uani nakunywa chai.

"Njoo uone," akaniita. Sauti ilikuwa ndogo. "Vikombe vimenenepa."

Kibilauri kiliingia nusu, kikakwama. Nikajaribu cha pili, cha tatu, hata kile nilichopimia. Nikasukuma.

"Utavunja!"

Mlangoni akatokea mzee wa kanisa, jirani yake, aliyekuja kuchukua sinia. "Kamwene," akasalimu, akachungulia. Akatazama matundu, akatazama vibilauri mezani. "Fundi, haya umetoboa ya kuwekea vidonge?"

Dada hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akashika ukingo wa ule ubao, akawa anaupitisha kidole, na nikajua hafikirii aibu ya kanisani. Anafikiria kwamba ubao wa mume wake umekwisha na hauna kazi.

"Mzee, tuachie mpaka jioni," nikasema.

"Jioni ipi? Una keke hapa?"

Sikuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo, biti haina pa kushika kwenye tundu ambalo tayari liko wazi. Nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikapaka kibilauri pembeni kote, nikakiingiza mpaka kilipokwama, nikakizungusha, nikakitoa. Nikachungulia ndani ya tundu. Mkaa ulikuwa umegusa sehemu mbili tu, kushoto na kulia, kuelekea kingo za ubao. Kwa urefu wa ubao palikuwa pasafi. Nikajaribu matundu matano mengine. Yote vilevile.

Hapo moyo ukatulia. Niliutoboa ubao umekunywa ukungu wa Igowole, ukiwa umevimba. Joto la Ipogolo na jiko la dada vimeukausha, nao ubao ukikauka hupungua upana, haupungui urefu. Matundu yangu yalikuwa ya mviringo kule. Hapa yalikuwa yamebanwa mbavu.

"Haujaharibika," nikamwambia dada. "Umekonda tu."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nipe fagio."

Nilikata mpini wa fagio lake, mzee wa kanisa akaenda barabarani akarudi na karatasi tatu za msasa. Nikazungushia msasa kwenye mpini, nikaanza kusugua zile sehemu mbili tu zenye mkaa, mara kumi huku, mara kumi huku, napima, nasugua tena. Ukisugua pande zote, kibilauri kitalegea kwa urefu na kugongana na ubao mchungaji akitembea. Dada alipaka mkaa, mimi nikasugua, mzee akapima.

"Bado," anasema. "Bado. Bado. Kimeingia!" Kila kikiingia anapiga kofi paja lake.

Saa kumi na moja lilibaki tundu moja kwenye kona, nikalizidisha kwa uchovu, likawa legelege. Nilitaka kulijaza kipande cha ubao. Dada akalifunika kwa kiganja. "Liache. Utashika, utaharibu na hayo mengine."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Nilimwona dada akisogea mbele na wenzake, akanywa, akainama kurudisha kibilauri. Kilishuka ndani ya tundu bila kukwama. Hakuondoka mara moja. Aliweka vidole viwili juu ya ubao, pembeni ya vikombe, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Aliyekuwa nyuma yake ikabidi amguse mgongoni ili asogee.