Mwiko wa Bwawa la Ambodisaha

Bango lililosimikwa penye mlango wa kijiji chetu latangaza, kwa herufi nyekundu na muhuri wa wilaya, kwamba maji machafu yote ya Ambodisaha husafishwa kwa matete kabla ya kurudi mtoni, na kwamba sisi ni mfano wa kuigwa na Madagaska nzima. Mlinzi wa fahari hiyo ni Mahatoky, mchimba mifereji ya mpunga, aliyepewa buti, reki, na amri kwamba matete yasife.

Mradi ulianza vizuri. Kwetu baba mkwe na mkazamwana hawatumii choo kimoja, na injinia, mtu msikivu, alijenga viwili kila boma. Kilichoharibu ni hotuba. Siku ya uzinduzi alisimama kando ya bwawa la matete, akanyoosha mkono kama bwana harusi anayeonyesha nyumba mpya.

"Ndugu zangu, mabomba yote yanaishia hapa! Vya mkubwa, vya mdogo, vya baba, vya mkwe, vyote vinakutana!"

Tulipiga makofi kwa adabu. Kisha tukarudi vichakani, na vyoo vikabaki vipya.

Baada ya majuma matatu matete yakaanza kugeuka rangi ya manjano kwa kukosa maji. Ikaja barua: mkaguzi atafika Ijumaa. Akikuta bwawa limekauka, mabomba yatang'olewa yapelekwe kijiji jirani, na mlinzi aachishwe kazi. Mahatoky, ambaye hajawahi kuwa na cheo kingine chochote, akapita nyumba kwa nyumba kuomba kitu ambacho binadamu haombwi.

Alianza kwa Bibi Soanary, aliyekuwa akipepeta mchele uani.

"Mama, nimekuja kuomba msaada."

"Wa mchele?"

"Hapana, mama. Wa choo."

Ungo ukasimama. "Siku hizi hata hicho kinaombwa?"

"Matete yana njaa, mama."

"Kila mtu ana njaa. Mbona mimi sikuombi wewe hicho?"

"Nimepanga zamu. Jumatatu akina baba wakwe, Jumanne wakazamwana. Hawatakutana."

"Maji yanakaa bwawani siku ngapi?"

Mahatoky ni mkweli; ndiyo kasoro yake. "Tano."

"Kwa hiyo mume wangu na mke wa mwanangu walale pamoja siku tano matopeni, na wewe umesimama juu yao na reki?"

"Mama, nawe!"

"Mama nini? Mwanao alioa mwaka jana. Wewe mwenyewe umeshakwenda?"

Mahatoky akazitazama buti zake. Zilikuwa safi sana.

Nyumba nyingine hakuzifikia, maana maneno ya Bibi Soanary yalitangulia, na kila alipobisha hodi alisikia watu wakicheka huku wakijifanya hawapo. Jumatano alfajiri akachukua ndoo mbili, akashuka chemchemini. Siku hiyo alimwaga bwawani ndoo arobaini. Alhamisi, arobaini tena, nasi tukamsalimu njiani kila tulipopishana, maana kumsalimu hakukuwa na mwiko.

Ijumaa matete yalikuwa yameinua vichwa. Mkaguzi alikunywa kikombe cha maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu cha wageni, akachota maji ya bwawa kwa gilasi, akayainua kwenye jua, akatumbukiza kijikaratasi chake cha kupimia, akakitazama, akatumbukiza kingine.

"Haya ni safi kuliko ya ofisini kwetu," akasema. "Na yanaingia yakiwa machafu kiasi gani?"

"Kwa kadiri ya kijiji chetu, mheshimiwa," Mahatoky akajibu.

Mkaguzi akaandika.

Mahatoky bado ni mlinzi. Hubeba ndoo arobaini kila asubuhi, na mgongo wake umepinda kidogo upande wa kulia. Bango la mlangoni lililetwa mwezi uliofuata ukaguzi. Kijiji kilishukuru, kisha kikaiandikia wilaya barua ya heshima kuomba lisogezwe hatua tatu, kwa kuwa lilikuwa limeziba njia ya kwenda vichakani.