Meno ya Maji ya Nakuru

Nimechoka na watu wanaonifundisha kupiga mswaki. Maji ya kisima chetu hapa Nakuru yana madini yanayoyatia meno ya mtoto rangi ya kahawia kabla hata hayajaota, na rangi hiyo haitoki ng'o. Lakini jirani ataniambia mkaa, shangazi ataniambia ndimu, na mhubiri mmoja aliwahi kuniuliza kama navuta sigara. Nami, mjinga wao, nilijaribu yote. Ujanani niliyasugua kwa jivu na magadi mpaka fizi zikatoa damu, nikaenda kazini Naivasha kwenye shamba la maua nikiwa siwezi kutafuna hata ugali. Huko nusu ya wenzangu walikuwa na meno kama yangu, na kila mmoja alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Watu wa meno ya aina moja, tukifichana!

Muhula uliopita binti yangu, aliye gredi ya nne, aliniletea picha ya darasa. Wenzake wote wanacheka. Yeye kaziba mdomo. Nikawaka. Nikamuuliza ni nani anayemcheka huko shuleni, maana nilikuwa tayari kumfuata mwalimu siku hiyo hiyo.

"Hakuna mtu," akasema. "Si wewe ndio hucheka hivyo, mum?"

Hasira yote niliyomwandalia mwalimu ikanirudia mwenyewe. Miaka yote hiyo nikimwambia yeye ni mrembo, mkono wangu ulikuwa ukimfundisha mengine. Niliona aibu.

Jumamosi nikampeleka studio mjini tupigwe picha sisi wawili. Nilimwambia tutacheka. Akawa ananitazama mimi badala ya kamera, aone nitafanyaje. Mpiga picha, kijana mpole tu, akasita.

"Mathe, fungeni mdomo kidogo, itatoka poa."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kidevuni. Nikaushusha, nikamshika mtoto begani.

"Boss, piga tu vile tuko."

Akapiga. Picha tumeitundika sebuleni, juu ya televisheni. Juzi jirani aliingia kuomba chumvi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshajaribu mkaa. Nilitaka kumrudisha bila chumvi aliyoijia. Binti yangu akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika tumbo. Mdomo hakuushika.